Mkono Nusu

Vikao katika nyumba ile nilivileta mimi. Mtanzania ukimweka na watu watatu chini ya paa moja, kabla wiki haijaisha atataka mwenyekiti, atataka ajenda, na mwishoni atataka mengineyo. Nimekulia hivyo. Kwetu hata kuchimba choo cha shule kulianza kwa kikao, na kikao kikaweza kudumu kuliko choo chenyewe.

Nyumba ilikuwa ghorofani, Greyville, hapa Durban, mtaa wa pili kutoka kwenye uwanja wa mbio za farasi. Ilijengwa zamani kwa ajili ya familia moja iliyopenda dari ndefu. Sisi tulikuwa wanne na hatukuwa familia. Chumba kikubwa cha mbele alikaa Gogo, bibi wa Kizulu ambaye mkataba wa nyumba ulikuwa kwa jina lake. Chumba cha kati alikaa kijana Mkenya aliyekuwa akisomea theolojia chuoni. Mimi, mwalimu wa hesabu wa sekondari, nilikuwa na chumba cha nyuma kinachotazama mabomba. Na veranda, iliyozibwa kwa vioo upande mmoja na mbao upande mwingine, ilikuwa ya dada mmoja Mkongo kutoka pande za Bukavu, aliyeamka alfajiri kukaanga maandazi na kwenda kuyauza sokoni Warwick kwa wapagazi na madereva wa taxi.

Chumba cha kupikia kilikuwa kimoja, kila mtu na jiko lake dogo. Mwanzoni tuligombana kwa mafuta ya kupikia, kwa zamu ya kusafisha choo, kwa luku, umeme wa kulipia kabla, kukatika ugali ukiwa nusu. Ndipo nikaitisha kikao. Jumapili ya kwanza ya kila mwezi, baada ya ibada, tulikaa kwenye meza ya jikoni. Tulifungua kwa sala na kufunga kwa sala, kila mtu kwa zamu yake kuizunguka meza, na kwa lugha yake. Mambo yaliyobishaniwa tuliyapigia kura kwa kunyoosha mkono. Kila anayelipa kodi alikuwa na kura yake, na mwenyekiti, yaani mimi, hakupiga kura ila zikilingana. Mkenya alinicheka sana. "Mwalimu, nyinyi watu wa kule mkitaka kuchemsha yai si mnaunda kamati kwanza?" alisema. Lakini alikuja kila mara, na magomvi yalipungua.

Aliyependa vikao kuliko sote alikuwa yule dada wa veranda. Alivaa liputa yake nzuri, kile kitenge chao cha Kikongo, na kilemba kama anakwenda harusini, akakaa wima, akanyoosha mkono kabla ya kusema. Aliniambia kwamba tangu afike nchi hii, hapo jikoni ndipo mahali pekee anapoulizwa maoni.

Kisha ukaja mwaka wa maandamano. Sitayaeleza sana, anayeishi Durban anayajua. Watu walipita barabarani wakiimba kwamba wageni waondoke, na wengine wakasimama milangoni mwa zahanati wakiuliza karatasi za ukaazi kabla mgonjwa hajaulizwa anaumwa nini. Karatasi zangu zilikuwa sawa, kwa maana ya kwamba zilikuwa sawa mpaka tarehe iliyoandikwa. Za Mkenya vilevile. Za dada wa veranda zilikuwa zimekwisha muda, na alikuwa akingoja jibu la maombi ya kuongezewa. Alingoja kwa simu, akiifungua na kuifunga.

Siku moja katikati ya wiki, Gogo alinikuta ukumbini nikivua viatu. Alinishika kiwiko. "Eish, mwanangu," akasema, kwa ule mchanganyiko wake wa Kizulu na Kiingereza, "mimi nimewahi kuona duka la mtu likivunjwa hapo chini, na mwenyewe yumo ndani. Wakijua kuna asiye na karatasi humu, mlango watakaouvunja ni wangu." Hakuwa mtu mbaya. Ni yeye aliyempa yule dada veranda wakati alipokuwa analala kanisani. Nikamwambia, Gogo, mkataba ni wako, ukitaka aondoke mwambie. Akatikisa kichwa. "Hapana. Weka kwenye kikao chako. Nataka iwe nyumba imeamua, isiwe mimi."

Hapo nikaona nilichokuwa nimekipanda. Niliiweka kama ajenda ya tatu, baada ya luku na bomba la kuogea. Nikamgongea Mkenya nimjulishe, kama utaratibu unavyotaka. Alifunga kitabu taratibu. "Mimi siwezi kuinua mkono kumtoa mtu," akasema. "Na siwezi pia kumpinga Gogo, ni mzee. Nitakaa tu. Nitaomba." Nilitaka kumwambia kwamba maombi yake angeyafanya yakiwa na mkono, lakini nikarudi chumbani kwangu. Sikuhitaji ubao kupiga hesabu hiyo. Gogo mmoja, dada wa veranda mmoja, Mkenya anaomba. Kura zingelingana, na mwenyekiti angepiga yake.

Niliogopa, na nasema hivyo bila kupamba. Wakija kumtafuta yeye, wataishia kwake? Ukiona mwenzako ananyolewa, wewe tia maji. Nilikuwa natia maji usiku na mchana. Na upande mwingine nilimjua huyu mtu. Nilipougua homa, alikaa kwenye kiti changu akinilisha uji kwa kijiko huku akinigombeza kwa Kifaransa.

Alhamisi jioni akanigongea yeye mwenyewe, mikono ina unga. Kila Jumatano alikuwa anapiga pasi kwa mama mmoja Morningside, na mama huyo alikuwa anasafiri, akampa tiketi zake mbili.

"Mama mwalimu, samedi uko na kazi?" akauliza. "Ni danse. Danse ya Barusi ya zamani. Tuende wawili."

Wazo langu la kwanza lilikuwa hongo. La pili lilikuwa kwamba hajui lolote, na nikikataa nitamfanya ashtuke. Nikasema ndiyo, nikafunga mlango, nikajichukia kidogo.

Jumamosi mchana tulipanda mlima kwa miguu, yeye na liputa yake, mimi na koti langu la shule. Alibeba mfuko wa plastiki uliofungwa kwa kitambaa, nami sikuuliza. Ukumbi haukuwa mkubwa. Watu walishika glasi za mvinyo wakaongea polepole, na walipotupisha njia walitupisha kupita kiasi. Dada alinishika mkono kama mtoto anayevushwa barabara. Mimi nikajifanya mwenyeji. Kila mgeni Durban anajua kujifanya mwenyeji mahali fulani.

Nilikuwa nangoja baleti ya sketi nyeupe na kusimama kwa ncha za vidole vya miguu. Badala yake pazia lilifunguka tukaona sakafu tupu, meza moja, viti, na familia iliyovaa vizuri ikicheza kwa kujinafasi. Hii ilikuwa Urusi baada tu ya mapinduzi, karatasi ya maelezo ilisema hivyo, pale nyumba kubwa za wenye nazo zilipogawanywa. Shuleni kwetu, kwenye somo la siasa, tulifundishwa kwamba huko watu waligawana kila kitu. Hatukuambiwa kuhusu jikoni.

Maana watu waliingia na mafurushi, magodoro na sufuria, wengi mno kwa nyumba ile. Mwanamume mwenye koti la ngozi akapiga magoti na chaki, akachora mistari sakafuni. Kila mmoja akapata kisanduku chake. Kuanzia hapo walicheza humo humo, mikono ikikunjwa, miguu ikiishia kwenye mstari, na aliyegusa kwa jirani alirudishwa kwa kusukumwa. Kisha wakaleta majiko ya mafuta ya taa, moja kwa kila familia, wakayapanga kwenye meza ile moja. Muziki ukawa vifuniko vya sufuria. Mwanamke mmoja alifunika chungu chake kwa mwili mzima asichunguliwe.

Dada wa veranda alipasuka kwa kicheko. "Ona! Iko kama kwetu!" akasema kwa sauti yake ya sokoni. "Kila mutu na jiko yake! Njo sisi hawa!" Mzee wa mbele aligeuka. Mimi nilimwangalia yule mzee mpaka akajirudi. Sikupenda acheke, na sikupenda pia akatazwe kucheka.

Wakati wa mapumziko tulitoka nje ya mlango, akafungua mfuko, na ndani mlikuwa na maandazi. Tulikula tumesimama kando ya watu wa mvinyo. Mama mmoja akauliza yanauzwa wapi, na dada akampa moja bure, kisha akaniambia kwa Kiswahili kwamba huyo mama hana makalio hata kidogo, ale. Nilicheka nikapaliwa. Kwa muda huo mfupi nilisahau kesho yake ilikuwa nini.

Sehemu ya pili ndiyo iliyoniharibia siku. Katika nyumba ile alikuwamo mwanamke mmoja aliyebaki kutoka kwenye familia ya mwanzo, mwalimu wa piano, na kisanduku chake kilikuwa kidogo kuliko vyote, karibu na mlango. Alikuwa akipiga piano isiyokuwapo, vidole tu juu ya kiti. Nje kukawa na kelele za miguu, ngumi zikagonga, na wote ndani wakajikunja. Waliogonga walipita. Wakazi wakatazamana, halafu wakamtazama yeye. Meza ikatandikwa kitambaa chekundu. Mwanamume wa koti la ngozi akakaa katikati na kengele.

Nilikaza mikono mapajani. Muziki ulikoma kabisa. Mkono wa kwanza ukanyooka, halafu wa pili, halafu ya upande wa kushoto yote, kila mmoja kwa kishindo cha mguu. Alibaki mmoja, mchezaji mrefu mwenye miwani, aliyekuwa amecheza vizuri na yule mwalimu hapo awali, amembebea ndoo. Mkono wake uliondoka mezani ukafika sikioni ukasimama. Kiwiko kilibaki mbavuni. Mwenye kutaka angeweza kuuhesabu, na mwenye kutaka angeweza kusema anajikuna. Ukumbi mzima ulicheka. Alikaa hivyo muda mrefu, na kile kicheko kikaisha chenyewe. Mwenye koti la ngozi akauhesabu.

Wakampitisha mwalimu wa piano kutoka mkono hadi mkono mpaka nje ya mlango, na kiti chake kikamfuata. Mlango uliachwa wazi. Waliobaki wakapiga magoti, wakafuta mistari ya kisanduku chake kwa mikono mitupu, wakaanza kusukumana kwa ile nafasi. Taa zikazimwa. Watu walisimama wakapiga makofi, nami nikapiga, maana ningefanya nini. Dada wa veranda hakupiga. Alikuwa anakunja kile kitambaa cha maandazi, mara mbili, mara nne.

Kurudi tulishuka tukifuata ukuta wa uwanja wa farasi. Jua bado lilikuwapo.

"Umeipenda?" nikauliza.

"Mama mwalimu," akasema, "miye najua kesho kikao iko juu yangu."

"Nani amekuambia?"

"Ukuta ya veranda ni mbao, mama. Na Gogo anasemaka na sauti ya kanisa."

Aibu ilinipanda, na mimi nikiaibika hukasirika, ndivyo nilivyo. Nikamuuliza, tena kwa ukali, kama tiketi zilikuwa za kunilainisha.

Alisimama katikati ya njia akanicheka usoni. "Kukulainisha na Barusi? Kama ningetaka kukulainisha ningekupikia sombe! Niliogopa kuingia kule peke yangu. Wewe unajuaka kukaa na bazungu." Kisha kicheko kikamtoka usoni. "Lakini ule mwanaume wa miwani. Bale bengine balinyoosha, bon, unajua adui yako ni nani, unalala. Ye alinyoosha nusu. Ile iliniumiza sana." Akanishika mkono wa koti. "Kesho nakuomba kintu moja tu. Kama unanyoosha, nyoosha yote. Kama haunyooshe, weka chini. Usinifanyie nusu, mama. Siye tulikula pamoja."

Jibu langu, namkumbuka akilingojea, lilikuwa hili: "Twende, robot imewaka kijani." Tukavuka barabara, taa zikituruhusu.

Usiku ule nililala kwa vipande. Nilijiambia nitaweka mkono chini. Nitasema kikao hiki hakina uwezo wa kumtoa mtu, kwamba mgeni njoo mwenyeji apone, kwamba leo ni yeye na kesho ni mimi. Niliipanga hotuba vizuri, yenye mwanzo na mwisho. Kisha nikasikia watu wakipita barabarani wakiimba, labda walikuwa walevi tu wa Jumamosi, na hotuba ikanitoka kichwani yote. Mpaka leo nasema nilikuwa nimeamua kumtetea. Shahidi sina.

Jumapili tulikaa. Mkenya alifungua kwa sala ndefu. Luku tukaimaliza, bomba tukalimaliza. Dada alikuwa amevaa liputa ile ile ya kwenye danse, kilemba kimesimama. Nikasoma ajenda ya tatu kwa sauti ya kufundishia. Gogo alieleza hofu yake, akalia kidogo, akasema hana ubaya na mtu. Mkenya alitazama viganja vyake. Nikauliza kama kuna mwenye kuchangia. Hapo ndipo pa hotuba yangu. Nilijiambia mwenyekiti huchangia mwisho, ndio utaratibu. Nikasema, "Wanaoafiki ahame?"

Gogo akainua mkono bila kunitazama. Mkenya alifumba macho. Nikageuka kwa dada ili nimwone akiuweka wake chini, na zamu yangu ije.

Aliunyoosha. Aliunyoosha wote, kiwiko kimenyooka, vidole vimefunguka, kilemba kikasogea kidogo. Alinitazama mimi tu. Nilidhani amekosea, nikamweleza upya, kwa Kiingereza na kwa Kiswahili, kwamba hawa ni wanaoafiki. "Nimesikia," akasema. "Andika. Mbili." Mkono ukabaki juu mpaka nilipotamka hesabu. Kura hazikulingana. Mwenyekiti hakuwa na la kupiga.

Ulimi wangu uliendelea wenyewe, kama ulivyozoea. Nikauliza mengineyo, hakuna aliyekuwa nayo. Nikasema, "Basi tufunge kwa sala, leo ni zamu ya..." nikazunguka meza kwa macho, na zamu ilikuwa yake. Ningeweza kumpa Mkenya. Nilikwisha kusema zamu.

Alisimama. Tukainamisha vichwa.

"Baba Mungu," akasema, "bariki hii nyumba. Bariki Gogo, alinipokea wakati sikukuwa na kintu. Ondoa woga kwa moyo yake. Bariki ndugu yangu wa Kenya, masomo yake ifike mwisho. Bariki mama mwalimu, kichwa yake inafanya kazi mingi. Mkono yake ipumzike. Na miye unionyeshe njia. Amina."

Gogo, ambaye hakuwa ameelewa hata neno moja, aliitikia Amen ya nguvu, akamkumbatia. Mkenya alitoka haraka. Mimi nilibaki nimekaa, mkono wangu wa kulia umelala mezani, na nikauona kama wa mtu mwingine.

Alihama wiki hiyo hiyo, kwenda kwa Wakongo wenzake upande wa Point. Alibeba sufuria kubwa kichwani na kilemba chini yake, akaniachia maandazi kwenye sahani iliyofunikwa. Namwona Warwick mara mojamoja nikipita. Ananiita kwa furaha, "Mama mwalimu!", mbele ya watu wote, na furaha ile inaniudhi kuliko kama angenitukana. Gogo alitundika nguo zake za kufuliwa pale veranda. Mkenya aliomba kuweka vitabu.

Mezani, ukimtoka yeye unafika kwangu. Mwezi uliofuata zamu ya kufunga kwa sala ilikuwa yangu. Jumapili ilifika, Gogo akapanga viti, Mkenya akaja na kikombe chake. Nikawaambia nina madaftari ya kusahihisha, na tangu siku hiyo sijaitisha kikao.